Plagini ya Bure Inapozimika Siku ya Kusasisha: Mwongozo kwa Wanaosimamia Tovuti za Ofisi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtumishi ambaye, juu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya, amekabidhiwa pia tovuti ya ofisi. Huenda ni mwalimu wa kompyuta, karani wa SACCOS, ofisa habari au katibu wa taasisi ndogo. Tovuti yenyewe mara nyingi imejengwa kwa WordPress, imewekwa kwenye seva inayolipiwa kwa mwaka, na imepachikwa plagini kumi na kitu: ya fomu, ya matangazo, ya picha, ya kalenda, ya malipo. Karibu zote ni za bure. Aliyezipachika amehama au mkataba wake umekwisha. Siku moja kitufe cha kusasisha kinabonyezwa, na kilichofanya kazi jana leo hakifanyi.

Nimetengeneza tovuti za aina hii kwa miaka mingi, na jambo ninalotaka lieleweke ni moja. Plagini ya bure ni kazi ya mtu asiye na mkataba na ofisi yako. Siku ulipoipachika, jukumu la kuitunza lilihamia kwako. Ofisi inayolijua hilo hutenga mtu na muda wa kazi hiyo. Isiyolijua hungoja mpaka mambo yaharibike, kisha humtafuta fundi usiku.

Hitilafu isiyopiga kelele

Wengi huogopa skrini nyeupe. Hiyo angalau inaonekana, na mtu atapiga simu ndani ya saa moja. Inayotia hasara kubwa ni hitilafu ya kimya.

Tarehe 11 Agosti 2020 lilitoka toleo la 5.5 la WordPress. Toleo hilo liliacha kupakia kipande kiitwacho jQuery Migrate, ambacho kazi yake ilikuwa kuzisaidia plagini zilizoandikwa zamani ziendelee kuelewana na jQuery, maktaba ya JavaScript inayotumiwa na WordPress. Mwezi huohuo niliitwa na shule moja ya sekondari ya binafsi iliyokuwa ikipokea maombi ya usaili wa Kidato cha Kwanza kupitia tovuti yake. Nilipoufungua ukurasa, kila kitu kilikuwa mahali pake: nembo, rangi, picha ya wanafunzi mstarini. Nikajaza jina la mtoto, shule anayotoka na namba ya simu, nikabonyeza Tuma. Hakikutokea kitu. Hapakuwa na maandishi mekundu wala duara la kusubiri. Kitufe kilikaa kimya kama maji ya mtungi.

Siku tisa zilikuwa zimepita hivyo. Mwalimu wa taaluma alidhani mwamko wa wazazi umepungua mwaka ule. Kilichofichua jambo ni mama mmoja aliyefika getini na karatasi aliyoiandika kwa mkono, akaomba ipokelewe, maana mtandao wa shule ulikuwa umemkatalia mara nne.

Nilibonyeza F12 kwenye kivinjari, nikafungua konsoli, na mstari mwekundu ukanijibu papo hapo: plagini ya fomu ilikuwa ikiita amri ya jQuery iitwayo live, na amri hiyo haikuwepo. Ilikuwa imeondolewa kwenye jQuery tangu toleo la 1.9, Januari 2013. Kwa miaka saba plagini ile ilisimama kwa sababu tu Migrate iliishikilia mgongoni, na hakuna mtu shuleni aliyelijua hilo. Timu ya WordPress ilikuwa imetoa plagini ndogo ya kurudisha Migrate kwa muda, nikaipachika jioni ile. Ilikuwa bandeji, na walioitoa walisema hivyo waziwazi. Desemba mwaka huohuo toleo la 5.6 lilibadilisha jQuery yenyewe kuwa 3.5.1. Sisi hatukuingoja: wiki mbili baada ya jioni ile tuliiondoa plagini ya fomu, tukaweka nyingine.

Tangu hapo, nikimaliza kusasisha tovuti ya mteja siiangalii sura yake. Ninaifanyisha kazi. Nawe fanya hivyo. Kila tovuti ina shughuli mbili au tatu ambazo zikikwama ofisi inakosa fedha, wateja au imani ya watu: fomu kutumwa, malipo kupokelewa, faili la tangazo kupakuliwa. Ziandike, na kila baada ya kusasisha zipitie zote kwa simu ya kawaida, ukiwa umetoka kwenye akaunti ya msimamizi. Hakikisha pia kwamba ujumbe umefika kwenye sanduku la barua pepe la anayepaswa kuupokea. Fomu inayosema “Asante, tumepokea” wakati barua haikufika popote ni hitilafu ileile, imevaa nguo nyingine.

Kwa nini kitu ambacho hukukigusa kinavunjika

Plagini yako imekalia tabaka mbili zinazosogea. Juu kuna WordPress. Chini yake kuna PHP, lugha ambayo seva huitumia kuiendesha WordPress na plagini zote. Kampuni ya seva inaweza kubadilisha PHP bila wewe kubonyeza lolote, na kwa kweli inalazimika, kwa sababu matoleo ya zamani hufikia mwisho wa kuhudumiwa. PHP 7.4 ilifikia mwisho huo Novemba 2022. Toleo la 8.0, lililotoka Novemba 2020, liliondoa amri kama each na create_function ambazo plagini nyingi za zamani zilizitegemea. Pia baadhi ya makosa yaliyokuwa yakipewa onyo tu, kama kuhesabu orodha ambayo haipo, sasa husimamisha programu nzima.

Kampuni za seva kwa kawaida hutangaza mabadiliko haya mapema kwa barua pepe. Tatizo ni kwamba barua hiyo huenda kwenye anwani ya yule aliyefungua akaunti, yaani fundi aliyehama miaka mitatu iliyopita. Ingia kwenye akaunti ya seva uangalie anwani iliyoandikwa. Ikiwa ni ya mtu binafsi, ibadilishe iwe ya ofisi, inayosomwa na zaidi ya mtumishi mmoja. Fanya vivyo hivyo kwa anwani ya msimamizi ndani ya WordPress. Sababu yake utaiona hapo chini.

Kuhusu haki za mtumiaji, hakuna pa kujificha. Leseni za programu huria zinazotumika zaidi, GPL na MIT, zinatamka kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Mwandishi anaweza kuchoka, kupata kazi nyingine au kuiondoa kazi yake kabisa. Machi 2016 mwandishi mmoja aliyekuwa na mgogoro juu ya jina la programu yake kwenye npm, hifadhi ya vipande vya programu vya JavaScript, aliondoa vipande vyake vyote, kikiwemo left-pad chenye mistari 11 tu ya msimbo. Ndani ya muda mfupi miradi mikubwa iliyokitegemea, mingine bila hata kujua, ilishindwa kujengwa, mpaka kiliporudishwa.

Kutosasisha hakukuokoi

Baada ya hasara ya kwanza, ofisi nyingi hujiwekea sheria: tovuti inafanya kazi, isiguswe. Ninaelewa hofu hiyo, lakini sheria yenyewe ni mbaya. Desemba 2021 ilitangazwa hitilafu ya usalama katika Log4j, kipande cha bure cha kuandika kumbukumbu za programu za Java, nayo ikapewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Waliokuwa salama ni waliojua kipande hicho kiko wapi kwenye mifumo yao na walioweza kukisasisha haraka. Aliyeganda kwenye toleo lenye hitilafu hiyo kwa kuogopa usumbufu alibaki na mlango wazi. Fomu ya ofisi inakusanya majina, namba za simu na pengine namba za vitambulisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Taarifa zikivuja kupitia plagini iliyosahaulika, mwenye kujibu ni taasisi iliyozikusanya.

Kusasisha kwa upofu nako kuna hatari yake. Mwaka 2017 plagini iitwayo Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa kwa mmiliki mpya, na masasisho yaliyofuata yakabeba msimbo wa kupachika matangazo ya udanganyifu. WordPress iliishia kuiondoa kwenye orodha yake. Ukiona jina la mwandishi limebadilika, subiri na usome kwanza.

Zitofautishe pia aina za masasisho. Kwa WordPress yenyewe, tarakimu ya tatu ikibadilika, kwa mfano kutoka 6.4.1 kwenda 6.4.2, ni marekebisho ya makosa na usalama, usiyacheleweshe. Kutoka 6.4 kwenda 6.5 ni toleo kubwa, na hapo ndipo plagini huanguka. Waandishi wa plagini hawafuati wote utaratibu huu, kwa hiyo soma maelezo ya mabadiliko yanayoambatana na kila toleo, hata kama ni mistari minne.

Siku yenyewe

Anza na nakala rudufu. Inapaswa kuwa na mafaili na hifadhidata, vyote viwili, na isikae kwenye seva ileile. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa usiihesabu kuwa nakala; nimewahi kufungua faili la mteja lililohifadhiwa kila wiki kwa mwaka mzima, nikalikuta tupu.

Tengeneza tovuti ya majaribio, yaani pacha wa ile halisi, kwenye anwani nyingine iliyofungwa kwa nywila. Kuna jambo moja ambalo hata mafundi hulisahau: pacha huyo amebeba funguo zilezile za malipo na za kutuma SMS. Ukijaribu fomu humo, mteja wa kweli anaweza kupokea ujumbe wa kweli, au akadaiwa fedha. Badilisha funguo hizo ziwe za majaribio kabla ya kugusa kingine chochote.

Kisha sasisha plagini moja moja, ukipima zile shughuli zako baada ya kila moja. Ukibonyeza zote kwa pamoja na tovuti ikaanguka, hutajua mkosaji ni nani. Kabla ya kila moja andika namba ya toleo lililopo, kwa sababu orodha rasmi ya WordPress huhifadhi matoleo ya nyuma ya plagini nyingi, na ukihitaji kurudi utajua unarudi wapi. Mimi huchagua Jumanne asubuhi. Ijumaa jioni si wakati wa kazi hii, wala siku ya kutangaza majina ya waliochaguliwa.

Ikianguka, tulia. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikikwama kwa kosa kubwa hutuma barua pepe kwa msimamizi, ikitaja plagini inayoshukiwa na kutoa kiungo cha kuingilia ili uizime. Ndiyo maana nilisisitiza anwani iwe sahihi. Usipoipata barua hiyo na dashibodi haifunguki, ingia kwenye akaunti ya seva, fungua kidhibiti cha mafaili, nenda kwenye wp-content kisha plugins, ubadilishe jina la folda ya plagini inayoshukiwa. Itazimika, na data zake zitabaki kwenye hifadhidata. Usikimbilie kuifuta: baadhi ya plagini zikifutwa kupitia dashibodi huondoka na kumbukumbu zake zote, yakiwemo maombi ambayo watu wameshayatuma.

Mwandikie mwandishi wa plagini. Taja toleo la WordPress, la PHP na la plagini, ulichokifanya, ulichokiona, na maneno ya kosa kama yalivyo. Mwandikie kwa heshima, kwani huenda anakujibu usiku baada ya kazi yake ya mchana. Taarifa iliyokamilika hupata jibu mapema kuliko lawama.

Ipi ibaki, ipi iondoke

Chukua daftari au jedwali la kompyuta, uandike kila plagini: inafanya nini, toleo lake, mwandishi wake, tarehe iliposasishwa mwisho, na nani ofisini anaihitaji. Orodha rasmi huonya plagini isipojaribiwa na matoleo makubwa matatu ya mwisho ya WordPress. Ukiona onyo hilo, anza kutafuta mbadala sasa, wakati bado inafanya kazi. Isiyo na mwenye kuihitaji iondolewe wiki hiihii. Kwa zinazobaki, jiulize kama data zinaweza kutolewa na kupelekwa kwingine. Plagini isiyotoa data imekufunga.

Msimamo wangu kuhusu fedha ni huu: plagini ya bure inafaa kabisa kwa picha, kalenda na mapambo. Fomu inayoingiza wateja na plagini ya malipo zilipiwe, au yalipiwe matunzo yake. Ya kulipia nayo huvunjika, ila kuna mtu wa kumpigia na risiti ya kumwonyesha. Weka pia kwenye bajeti saa mbili za kazi kila mwezi kwa tovuti yenye plagini kumi, na jedwali hilo liingie kwenye hati ya makabidhiano pamoja na ufunguo wa stoo na daftari la masurufu.

Kabla ya kusasisha chochote wiki hii, chukua simu yako, fungua fomu ya tovuti ya ofisi, ijaze kama angeijaza mwananchi, kisha nenda kwa anayepokea barua umwombe akuonyeshe kama imefika.