Mafunzo Sita Niliyopata Katika Kupima Madai ya Afya na Chakula

Kazi yangu ni kuandaa kipindi cha afya na lishe redioni hapa Morogoro, na muda mwingi unakwenda kwenye maswali ya wasikilizaji. Wananitumia sauti zilizorekodiwa, picha za matangazo, na ujumbe unaoanza na maneno "wanasayansi wamethibitisha". Anayeuliza huwa na sababu nzito: mama yake anaumwa, mtoto haongezeki uzito, au yeye mwenyewe amechoka kumeza vidonge. Haya ndiyo niliyojifunza katika kuwajibu, na hayahitaji mtu awe amesomea sayansi.

1. Dai la kweli nalo hupotosha, hivyo uliza kiasi

Makopo ya unga wa mlonge yanayouzwa stendi huandikwa kwamba unga huo una kalsiamu mara 17 ya maziwa. Ukilinganisha uzito kwa uzito, hesabu hiyo iko sawa: gramu 100 za majani makavu yaliyosagwa zina takriban miligramu 2,000 za kalsiamu, na gramu 100 za maziwa zina kama 120. Lakini nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Niliweka kijiko cha chai cha unga huo, nimekisawazisha kwa kisu, juu ya mzani mdogo wa jikoni. Uzito wake haukufika gramu tatu. Hapo unapata miligramu 50 hivi za kalsiamu, wakati glasi ya maziwa ya mililita 250 inakupa kama 300. Majani yamekaushwa, maji yakatoka, virutubisho vikabaki vimesongamana. Maziwa sehemu kubwa ni maji, ndiyo maana tunakunywa mengi. Mlonge ni mboga nzuri na nitaendelea kuusifu hewani, ila mama anayemkatizia mtoto maziwa ili ampe kijiko cha unga huo anampunja mwanawe.

2. Uliza aliyepimwa ni nani, na walikuwa wangapi

Septemba 2012 mtafiti wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, alichapisha utafiti uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, walipata uvimbe mkubwa. Picha za panya hao zilizunguka dunia nzima. Miezi miwili baadaye serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Wachache waliuliza habari za panya wenyewe. Walikuwa 200, wakagawanywa katika makundi ya kumi kumi, nao ni wa aina ya Sprague-Dawley, ambayo hupata uvimbe kwa wingi ikizeeka hata isipopewa chochote. Katika kundi dogo namna hiyo huwezi kutenganisha kazi ya mahindi na kazi ya uzee. Novemba 2013 jarida lililouchapisha liliuondoa utafiti huo, lakini serikali ya Kenya haikuiondoa marufuku yake hadi Oktoba 2022.

Mkulima bado ana haki ya kuuliza kuhusu bei ya mbegu za GMO na nani anazimiliki. Hayo ni maswali mazito ya kilimo na biashara, na hayajibiwi kwa picha ya panya.

3. Ukitajiwa asilimia, uliza ni asilimia ya nini

Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliweka nyama za kusindikwa kama soseji kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, kundi lilelile la tumbaku. Watu wakaelewa kwamba soseji ni mbaya sawa na sigara. Makundi yale yanaonyesha uhakika wa ushahidi tu. Ukubwa wa hatari unatazamwa kando. Shirika lilikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama hizo zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Katika nchi ambako watu 5 kati ya 100 huipata maishani mwao, ongezeko hilo linawafikisha karibu 6. Kwa anayekula soseji kila asubuhi, hiyo ni sababu tosha ya kupunguza. Anayeila harusini asikose usingizi.

4. Ushuhuda wa aliyepona hautoshi

"Nilikunywa, nikapona." Huenda ni kweli tupu, lakini mafua huisha yenyewe, na maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe kadiri siku zinavyopita. Ili kujua dawa imefanya nini, lazima wawepo watu wa hali ileile ambao hawakuitumia. Hapo pwani ya Kenya, Kilifi, watafiti waligawa vyandarua vyenye dawa kwa baadhi ya maeneo, mengine yakasubiri, kisha wakahesabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha vifo vya watoto vilipungua kwa takriban theluthi moja.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. WHO ikaipendekeza mwaka 2021. Mimi nathamini namba kama hiyo ya 36. Mwenye kukuahidi asilimia 100 kwa kila maradhi, mwombe akuonyeshe aliwalinganisha wagonjwa wake na nani.

5. Hatari kubwa mara nyingi haina kelele

Kila mnara mpya wa simu unapojengwa, napokea maswali kuhusu mionzi yake. Nawaeleza kwamba mawimbi ya simu ni ya jamii moja na mawimbi ya redio yanayowaletea sauti yangu, na hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Kisha nawauliza: mahindi yenu mmeanika wapi?

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu. Moto wa jikoni hauimalizi. Sumu hiyo huharibu ini na husababisha saratani ya ini. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, iliwafanya watu 317 waugue na ikaua 125 kati yao. Mwaka 2016 iliua watu hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Kinga yake iko mikononi mwetu: anika juu ya turubai, chambua punje zilizooza, usiweke ghalani mahindi mabichi. Ukitaka kujua kama yamekauka, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

6. Tazama dai linakutaka uache nini

Mzee mmoja alipiga simu kipindini kuuliza kama maji ya bamia yanatibu kisukari, maana jirani yake alishatupa vidonge. "Shikamoo mzee," nilimjibu, "bamia ni mboga nzuri, endelea kula. Vidonge usiache, na siku ya kliniki mwambie daktari kwamba unakunywa maji hayo." Dai linalokuongezea mboga mezani, hata likikosea, madhara yake ni madogo. Linalokuachisha dawa ya kisukari, ya presha au ARV, likikosea linaua. Kadiri dai linavyotaka uache kitu kikubwa, ndivyo unavyopaswa kulidai ushahidi mkubwa.

Msomaji wangu, ujumbe ujao utakaofika kwenye simu yako ukikutaka uusambaze kwa watu kumi, ushike kwanza. Uliza kiasi, uliza nani alipimwa, uliza walilinganishwa na nani. Majibu yasipopatikana, usiutume kwa mtu yeyote, na usiache dawa yoyote kabla ya kuongea na aliyekuandikia.