SOMO: KUPUNGUZA PICHA BILA KUIHARIBU



Mara nyingi matawi hutuletea picha za karatasi ya mshahara, kadi ya uzani wa majani ya chai au mashine iliyoondolewa kinga, na tarakimu hazisomeki. Picha kama hiyo haimsaidii ndugu yetu mbele ya meneja. Na mara nyingi kamera haina kosa: picha iliharibiwa ilipopunguzwa.

Picha ya simu imefanywa kwa vidoti vya rangi viitwavyo pikseli. Yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo ina jumla ya milioni 12. Ukipunguza upana na kimo kwa nusu, zinabaki milioni 3, yaani robo tu. Nyingine zimekwenda, hazirudi. Ukiikuza tena, programu hubahatisha kwa kutazama vidoti vya jirani, na hizi programu mpya za kusafisha picha hubuni kabisa. Sura ya mtu huenda ikapendeza, lakini tarakimu ya mshahara haibuniwi! Mwaka 2013 huko Ujerumani, David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za kunakili za Xerox zilikuwa zikigeuza 6 kuwa 8, kwa kuwa programu ya kubana faili iliziona zinafanana.

Basi tunza picha ya asili, ufanye kazi kwenye nakala. Kama kinachotakiwa ni safu moja ya tarakimu, kata kingo kwanza. Ukikata kingo, kilichobaki hakipotezi pikseli. Katika GIMP, programu isiyolipiwa, uacha ule mnyororo mdogo kati ya upana na kimo ukiwa umefungwa, ama sivyo watu watakuwa wanene kama magunia. Kwa kuchapa, hesabu pikseli 300 kwa kila inchi: picha ya upana wa sentimeta 10 yahitaji kama 1200. Usishuke chini ya hapo. Punguza mara moja tu, maana faili ya JPEG hupoteza kidogo kila inaporekebishwa na kuhifadhiwa upya.

Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hupunguzwa njiani. Itume kama hati, na ya asili ibaki kwa katibu wa tawi mpaka shauri liishe.