Somo la Baiskeli: Kuteremka Mlima Penye Changarawe



Leo kikundi chenu kikikutana, leteni baiskeli moja darasani. Ilazeni chini. Futeni matope ubavuni mwa tairi, mtaona tarakimu. Baiskeli nyingi za huku kwetu vijijini zimeandikwa 28 x 1 1/2. Someni kwa sauti. Tarakimu ya kwanza inaeleza ukubwa wa gurudumu: inchi 28 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ya pili inaeleza unene wa tairi: inchi moja na nusu, yaani kama milimita 38.

Basi, sikilizeni habari hii. Huko Marekani na Ulaya siku hizi wapo watu wanaonunua kwa bei kubwa sana baiskeli za kupita barabara za changarawe, milimani na mabondeni, kwa kujifurahisha na kwa mashindano. Katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas, mashindano ya namna hiyo yalianza mwaka 2006. Ni safari ya maili 200, kama kilomita 320, katika barabara za mawe makali yanayopasua tairi. Jirani zetu wa Kenya nao wana mashindano ya changarawe huko Maasai Mara tangu mwaka 2021. Na tairi zao zina unene gani? Wengi wanatumia milimita 40 hivi. Kumbe ni karibu sawa na tairi la baiskeli ya babu yako!

Lakini tusijisifu haraka. Baiskeli zao zina giya nyingi za kupandia. Breki zao hubana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, mbali na maji na matope. Tena wao hawabebi viazi.

Sisi wa Usambara tunabeba. Chukua mfano wa njia tunayoijua wote, ya kutoka Lushoto kwenda Mombo. Lushoto iko juu kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mombo ni kama mita 400 tu. Kati yake kuna kilomita 33 hivi za barabara inayojipinda pembeni mwa korongo, inapita Soni penye maporomoko ya maji, halafu inashuka hadi bondeni. Hiyo ni ya lami. Njia nyingi za kutoka vijijini kuifuata barabara hiyo ni za udongo na changarawe, na nyingine ni kali kuliko yenyewe.

Sasa tufanye hesabu. Baiskeli ina kilo 20. Mwenye baiskeli ana kilo 60. Viazi ni kilo 60. Jumla ni kilo 140. Mzigo huo ukishuka mita 1,000, nguvu yake lazima iende mahali. Haipotei. Ukiibana kwa breki inageuka kuwa moto. Nguvu ya kilo 140 kushuka mita 1,000 inatosha kuchemsha lita 4 za maji baridi mpaka zitokote! Sehemu moja inanyonywa na upepo, sehemu nyingine na changarawe chini ya tairi. Hata tukisema nusu tu ndiyo inayoingia kwenye breki, bado ni sufuria ya lita 2 inayochemka juu ya vipande vinne vidogo vya mpira.

Ndiyo maana breki nzuri asubuhi inaweza kuwa si breki tena katikati ya mteremko. Mpira ukipata moto sana unalainika, unalika upesi, unaacha kushika. Wengine husema baiskeli imepagawa. Haijapagawa. Imechoka kwa moto.

Dawa yake ni kupumzika. Mteremko mrefu uugawe vipande. Shuka kidogo, simama, ipe rimu nafasi ya kupoa. Usiiguse kwa kiganja, itakuunguza. Wala usiimwagie maji ukaondoka papo hapo, maana rimu iliyolowa haishikiki vizuri. Mahali pakali, shuka usukume. Mimi sioni aibu yoyote kwa mtu mzima anayesukuma baiskeli yake kwenye mteremko. Anayecheka, mwache acheke.

Pale Soni niliwahi kusikia mazungumzo haya. Kijana mmoja alisimama kuomba maji, na nyuma ya baiskeli amefunga kabichi hadi kichwani.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Mbona sioni mipira ya breki?”

“Breki yangu ni ndara, babu. Nakanyaga tairi, inasimama.”

“Na ndara ikikatika?”

Kijana akanyamaza. Ndara huweza kupunguza mwendo pale uwanjani kijijini, baiskeli ikiwa tupu. Mguu wa mtu hauwezi kuzuia kilo 140, na ukiteleza unaingia kwenye spoku. Mipira mipya ya breki ni bei ndogo sana ukilinganisha na gharama ya mguu uliovunjika wakati wa kulima.

Kabla hujaanza kuteremka, fanya jaribio. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, sukuma. Gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo hivyo kwa ya nyuma. Tazama mipira: kama chuma kinachoishikilia kinakaribia kugusa rimu, nenda kwa fundi. Kaza nati. Funga mzigo uwe chini na usicheze, maana gunia likiinama kwenye kona na wewe utainama nalo.

Jambo la mwendo lina hesabu yake pia. Ukienda polepole na ukaweza kusimama kwa hatua 4, basi ukiongeza mwendo mara mbili utahitaji hatua 16. Ukiongeza mara tatu, hatua 36! Kwenye changarawe, kokoto huviringika chini ya tairi kama punje za mahindi sakafuni, na kwenye mteremko hatua huzidi tena. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, njia ikiwa bado imenyooka. Bana breki zote mbili kidogo kidogo. Ukibana ya mbele kwa nguvu ukiwa ndani ya kona, gurudumu linateleza na unaanguka.

Upepo wa tairi nao usisahauliwe. Tairi gumu kama jiwe linarukaruka juu ya mawe. Likiwa laini sana, rimu inagonga jiwe na kutoboa mpira wa ndani. Ukiwa na mzigo ongeza upepo.

Huku chini bondeni kuna hatari nyingine: mto. Maji yanayokwenda kasi, hata ya magotini, yanaweza kumwangusha mtu, na baiskeli yenye mzigo inakokotwa kabla yako. Mvua inaweza kunyesha mlimani na wewe bondeni unaona jua. Katika Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli. Huko, mwaka 2012 na tena mwaka 2019, watu waliokuwa wakitembea kwa miguu ndani ya korongo walikumbwa na maji ya ghafla, wakafa. Korongo ni jembamba, kuta zake ni ndefu, maji hayana pa kutawanyika. Ukiona maji yamegeuka rangi ya udongo, yanaleta majani na vijiti, au ukisikia ngurumo upande wa juu, ondoka mtoni. Viazi vitangoja.

Na ukishavuka salama, breki zimelowa. Kabla ya mteremko unaofuata, zibane kidogo huku ukisukuma baiskeli hatua kadhaa, mpaka mpira ufute maji kwenye rimu.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Tairi za baiskeli zenu zimeandikwa nini? Andikeni tarakimu hizo katika daftari.

2. Mama mwenye kilo 50, baiskeli ya kilo 20 na ndizi kilo 35 wanashuka mita 1,000. Jumla ni kilo ngapi? Kama kilo 140 huchemsha lita 4, je, jumla hiyo ingechemsha lita ngapi?

3. Chagueni mteremko mmoja mbaya katika kijiji chenu. Andikeni bango la kuwekwa juu yake, lisilozidi maneno manne, kwa herufi kubwa, ili mtu aweze kulisoma akiwa juu ya baiskeli.