Chupa Iliyo Chini ya Kitanda cha Bibi

Vidonge vya presha na sukari alivyopewa Bibi kliniki vinaning'inia kwenye mfuko ukutani, kila mtu anaviona. Chupa ya mizizi iliyochemshwa, unga wa mlonge na mbegu za uwatu viko chini ya kitanda, na daktari havijui. Bibi anaogopa kugombezwa. Hatukuja kumwaga chupa hiyo. Tunaomba itoke mafichoni. Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inazitambua tiba hizi, kwa hiyo Bibi hana kosa la kuficha.

Tuanze na sukari, maana hapo madhara huja haraka. Mlonge, uwatu na karela vinaweza kushusha sukari. Insulini na glibenklamaidi nazo zinashusha. Vikikutana, hasa mzee akiwa amelala bila kula vizuri, sukari inaweza kuporomoka. Atatoka jasho la baridi, atatetemeka, atasema maneno yasiyoeleweka, pengine asiwatambue hata wajukuu. Familia nyingi hudhani ni uzee, au kwamba amepandisha mashetani, na muda unapotea. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpeni papo hapo vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, halafu chakula. Mpelekeni kituo cha afya hata akipata nafuu, kwa sababu inaweza kushuka tena baada ya saa chache. Akizimia, msimtie chochote mdomoni, kimbieni naye.

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Akikitafuna punje kadhaa kila asubuhi kama dawa, anaweza kuvuja damu. Chale za kuumika nazo ni hatari kwake. Shubiri ya kuharisha hupunguza potasiamu mwilini, na anayetumia furosemaidi ya kupunguza maji mwilini au digoksini ya moyo anaweza kuvurugika mapigo ya moyo. Tena figo za uzeeni hazichuji kama za ujanani: kipimo alichokizoea miaka thelathini iliyopita leo kinaweza kumzidi.

Baya kuliko kuchanganya ni kuacha vidonge kabisa. Mwaka 2011, maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya asili cha shilingi 500, wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao. Presha haiumi, mtu hujiona amepona huku mishipa inaendelea kuharibika.

Siku ya kliniki, tieni kila kitu kwenye mfuko mmoja, pamoja na chupa. Anayemsindikiza Bibi aanze yeye kusema, kwa upole: "Daktari, Bibi anakunywa na hii, kikombe kimoja kila jioni, tangu mwezi uliopita." Msipoujua mti, muulizeni aliyewauzia, au bebeni jani na kipande cha gome. Kama amepangiwa upasuaji, semeni mapema, zikiwa zimebaki wiki mbili au zaidi.