SOMO: MAFUTA YA MJANE NA MEZA YA SOKO

Tusome kwanza: 2 Wafalme 4:1-7, Luka 14:28-30, Walawi 19:35-36, Warumi 13:8



Kanisa letu la Kimbangu lina maneno matatu ambayo kila mtoto anayajua: Bolingo, Mibeko, Misala, ni kusema Upendo, Amri, Kazi. Juu ya upendo tunafundisha sana. Juu ya amri vilevile. Lakini juu ya kazi, mara nyingi tunasema tu: "Fanyeni kazi," kisha tunanyamaza. Hatuonyeshi namna. Leo tunataka kufundisha namna ya kuanza biashara ndogo na namna ya kuilinda isife. Tunaandika kwa sababu ya jambo lililotokea kati yetu, na sisi mashemasi tulikuwa ndani yake.

Mama mmoja wa parokia yetu, mjane, alikuwa akiuzisha unga wa mahindi sokoni. Kwa miaka miwili meza ile ilimlisha yeye na watoto wake wanne. Halafu ikaanguka. Tulikwenda kusali naye. Wengine walisema ni wivu wa jirani zake wa sokoni, wengine walitaja uchawi. Ndipo tukaomba kuona kaye yake. Tulikuta majina 11 ya watu wenye deni. Yote 11 yalikuwa majina ya waamini, na mawili yalikuwa ya mashemasi. Hakuna mchawi aliyekula unga ule. Tuliula sisi.

Basi tujifunze pamoja, tukifuata habari ya mjane mwingine, yule aliyemlilia nabii Elisha.

1. Anza na kile ulicho nacho

Elisha alimwuliza mjane yule ana kitu gani nyumbani. Alikuwa na chupa moja ya mafuta, na kazi ikaanza pale. Vyombo aliazima kwa majirani.

Hapa Katanga tunalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walipokea feza ya kuacha kazi. Wengi walinunua gari ya transporti, au walifungua duka kubwa mara moja, kazi wasiyoijua. Gari ikaharibika, duka likabaki tupu, feza ikaisha. Hawakuwa wajinga. Walianza na kikubwa wasichokijua, pahali pa kuanza na kidogo wanachokijua.

Kabla ya kutoa hata franka moja, kaa sokoni asubuhi tatu. Tazama watu wananunua nini kila siku, ni nani anayekiuzisha tayari, na kwa bei gani. Uliza pahali wanapokinunua kwa bei ya chini. Uliza pia inakuwa namna gani wakati wa mvua, barabara zikiharibika. Na tukumbuke Amri: pombe na tumbako zinaleta feza ya upesi, lakini si za meza ya mwamini.

2. Hesabu mbele ya kujenga

Bwana Yesu alisema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara: anakaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa. Tuhesabu basi. Bei tunazoweka hapa ni za mfano tu. Kila mtu aweke zile za soko lake.

Mfuko wa unga wa kilo 25: 40 000 FC
Kuubeba mpaka sokoni: 1 500 FC
Feza ya soko: 500 FC
Jumla ya gharama: 42 000 FC

Tuseme mfuko unatoa meka 10, na kila meka ni 4 800 FC. Unga ukiisha, mama ana 48 000 FC mkononi. Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanaona 48 000 na kusema: "Mungu amenibariki na 48 000." Hapana. 42 000 ni ya mfuko wa kesho. Baraka ya leo ni 6 000. Hiyo ndiyo faida, nayo peke yake ndiyo unayoweza kula.

3. Kapitali haikai katika chungu cha nyumba

Uwe na makopo mawili. Kopo la kwanza ni la kapitali: halifunguliwi kwa karo ya mtoto, wala kwa matanga, wala kwa mgeni. Kopo la pili ni la faida. Katika faida ile ya 6 000, mama anaweza kutoa 600 iwe fungu la kumi, 3 500 ya chakula cha nyumba, na 1 900 ya kukuza biashara au ya siku ya ugonjwa.

Na sisi wababa tusikilize. Mume anayeingiza mkono katika kopo la kwanza kwa sababu "ni feza ya mke wangu" anakata mti ambao watoto wake wanakula matunda yake. Akiwa na lazima, aombe katika kopo la pili, na mama aandike.

Kuandika si kazi ya watu waliosoma sana. Kaye moja na kalamu zinatosha. Kila jioni andika mistari mitatu: nimenunua kwa ngapi, nimeuzisha kwa ngapi, nimetoa ngapi ya nyumba. Kama mama hajui kuandika, mtoto wake wa shule atamwandikia.

4. Hesabu kapitali kwa mifuko

Feza yetu imebadilika mara nyingi. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua pahali pa zaire za zamani 3 000 000. Mwaka 1998 franka moja ya Congo ilichukua pahali pa zaire mpya 100 000. Wazee wetu wa soko walijifunza hivi: mtu aliweza kuuzisha mali yote, akahesabu noti nyingi, akafurahi, na akirudi depo noti zile hazitoshi kununua mali ileile. Alipata noti, akapoteza mali.

Kwa hiyo jiulize: "Nilianza na mifuko mitatu. Leo feza yangu inaweza kununua mifuko mingapi?" Kama ni mitatu na nusu, unapanda. Kama ni miwili, unashuka, hata kama noti ni nyingi kuliko jana. Bei ya depo ikipanda, na wewe upandishe siku ileile.

5. Deni, ugonjwa wa kanisa letu

Hapa ndipo tulipomwua mama yetu. Turudi kwenye ile hesabu. Kama katika meka 10 mama anatoa meka mbili kwa deni, anakosa 9 600 FC. Anabaki na 38 400. Faida yote ya 6 000 imekwisha, na kapitali imepunguka 3 600. Kesho hawezi kununua mfuko mzima. Meka mbili tu! Na mama yetu alikuwa na watu 11.

Kwa nini hakukataa? Kwa sababu tulimjia na maneno ya upendo. "Mama, mimi ni ndugu yako katika Bwana, nitalipa siku ya Yenga." Akikataa, tunasema hana upendo. Siku ya Yenga ikifika, tunapita mlango mwingine wa kanisa. Tumetumia Bolingo kuharibu Misala.

Mjane wa Elisha, alipouzisha mafuta, alilipa deni kwanza, kisha akaishi na watoto wake kwa kile kilichobaki. Tuishike taratibu ile. Kwa muuzishaji tunashauri: usitoe deni jipya kwa mtu ambaye hajalipa la zamani, madeni yote pamoja yasipite faida ya siku moja, mwenye deni atie sahihi katika kaye. Na mama anayekataa deni kwa sababu hizi hana dhambi. Mtu akiwa na njaa ya kweli, aje kwetu mashemasi. Sanduku la wahitaji liko kwa kazi hiyo. Meza ya mjane si sanduku la wahitaji.

6. Kipimo cha haki na kartasi

Kuna wanaogonga kitako cha meka kiingie ndani, ili unga upunguke. Maandiko ya Walawi yanaagiza kipimo cha haki. Tena mnunuzi si kipofu, akijua, hatarudi.

Upande wa serikali, biashara ndogo inaomba patente. Biashara ikikua, inaandikwa katika rejista ya biashara, RCCM, kwenye Guichet Unique. Kila mara unapolipa taksi, omba kitansi na ukiweke ndani ya kaye. Anayepokea feza yako pasipo kutoa kartasi atarudi kesho kuomba tena.

7. Sadaka na kapitali

Jambo hili ni gumu, lakini tutalisema. Katika nsinsani vikundi vinashindana kutoa, na furaha ile ni nzuri. Kwa njia hiyo tumejenga makanisa, shule na hospitali. Lakini tumeona mama akitoa feza ya mfuko wa kesho ili kikundi chake kishinde, na kesho yake watoto wakalala njaa. Utoe katika faida. Meza ikiishi, utatoa tena juma lijalo, na mwaka ujao pia.

Mwisho

Sisi mashemasi wawili tumelipa deni letu mbele ya wengine. Katika watu 11, sita wamekwisha kulipa, watano bado. Kwa feza hiyo mama amerudi sokoni na mfuko mmoja, pahali pa mitatu aliyokuwa nayo. Hatuandiki majina ya wale watano hapa. Wanajijua, na mama anawangoja.

Maulizo ya kujibu katika vikundi

1. Mjane wa Elisha alifanya nini kwanza na feza ya mafuta? Sisi tunafanya nini kwanza?
2. Biashara yako inatoa faida ngapi kwa siku? Kama hujui, utaanza kuandika siku gani?
3. Ni muuzishaji gani wa kanisa aliye na jina lako katika kaye yake? Utamlipa lini?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Amina.