Shilingi ya Shule Inunue Nini Kwanza?

Hakuna serikali yenye fedha za kutosheleza kila haja. Waziri na diwani hukaa mbele ya hesabu moja: haja ni nyingi na mfuko ni mmoja. Shilingi iliyotiwa katika barabara haipo tena kwa hospitali. Na hata ile iliyokwisha kutengwa kwa shule haina budi kugawanywa baina ya majengo, vitabu, mishahara ya waalimu na afya ya watoto. Basi swali la somo hili si kama elimu ni njema, kwa maana jambo hilo halina mbishi. Swali ni hili: katika vitu vyote vinavyonunuliwa kwa fedha za shule, ni kipi kinachomwezesha mtoto kusoma na kuhesabu? Nchi ya Kenya imelijibu swali hili kwa vitendo kwa muda wa miaka mingi, mara kwa kufaulu na mara kwa hasara, na habari zake zafaa kujulikana na kila mlipa kodi.

Kufungua mlango

Jambo la kwanza ni kumfikisha mtoto shuleni. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Mwaka uliotangulia watoto wa shule za msingi walikuwa kadiri ya milioni 1.8, mwaka ule wakawa kadiri ya milioni 2.8. Hapo ilidhihirika kwamba wazazi hawakuidharau elimu, bali karo ndiyo iliyowazuia. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa kabla ya nyumba kupanuliwa. Vyumba havikutosha, wala waalimu waliofundishwa kazi hawakutosha, na upesi shule zikaanza kuwatoza wazazi fedha za majengo, ambazo mahali pengine zilizidi karo yenyewe. Watoto wengi wa maskini walirudi nyumbani.

Mwaka 2003 karo iliondolewa tena, safari hii katika shule yote ya msingi. Idadi ya watoto ilipanda kutoka kadiri ya milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Serikali ilikumbuka jambo lililosahauliwa hapo zamani: ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, 650 za vitabu, madaftari na vifaa vya kusomea, na 370 za matengenezo na mahitaji mengine. Fedha hizo zilipelekwa katika benki kwa jina la shule yenyewe. Hata hivyo, darasa lililokuwa na watoto 50 liliweza kuwa na 80 au zaidi, na mwalimu alikuwa mmoja tu. Kuondoa karo kwamfikisha mtoto kwenye dawati, hakumfundishi kusoma.

Kitabu ambacho mtoto hawezi kukisoma

Wengi wangefikiri kwamba ukimpa mtoto kitabu umempa elimu. Katika miaka ya 1990 jambo hili lilipimwa katika wilaya za Busia na Teso, magharibi ya Kenya, karibu na mpaka wa Uganda. Shule kadhaa zilipewa vitabu, na nyingine za jirani zikangoja zamu yao, ili matokeo yapate kulinganishwa. Watoto walipotahiniwa, wale waliokuwa hodari tangu zamani waliendelea mbele. Lakini watoto wa kawaida hawakupata alama kuzidi wenzao waliokosa vitabu.

Sababu haikuwa ngumu kuonekana. Vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Tena vilitungwa kwa kumwaza mtoto mwenye uwezo mkubwa. Mtoto aliyeketi nyuma, ambaye bado hajui kuunganisha silabi, alifungua kitabu kizuri kipya akaona ukuta. Fedha zilitumika, vitabu vikafika salama, wala hapakuwa na mwizi. Lakini faida ilimpita yule aliyekuwa na haja zaidi.

Minyoo na mahudhurio

Huko huko Busia, kuanzia mwaka 1998, shule 75 zilitiwa katika mpango wa kuwapa watoto dawa ya minyoo ya tumbo, na penye kichocho wakapewa dawa ya kichocho pia. Shule ziligawanywa mafungu matatu, nayo yakapewa dawa kwa zamu. Ilionekana kwamba siku ambazo watoto hukosa shule zilipungua kwa robo moja. Dawa hiyo ni ya bei ndogo mno, kwa hiyo siku moja ya masomo ilinunuliwa kwa fedha chache kuliko kwa njia nyingine nyingi.

Lakini yafaa hesabu isemwe yote. Watoto walihudhuria zaidi, ila alama zao za mitihani hazikupanda. Tena wataalamu wengine walioichambua hesabu ile baadaye walibishana juu ya ukubwa wa faida yake. Hata hivyo, wale waliopewa dawa mapema walipofuatwa ukubwani, kadiri ya miaka 20 baadaye, ilionekana kwamba mapato yao yalizidi ya wenzao. Michael Kremer, mmoja wa wataalamu walioongoza uchunguzi huo, alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi ya kupima kwa vitendo njia za kupunguza umaskini.

Mwalimu na anayemwangalia

Mwaka 2005, katika shule 140 za magharibi ya Kenya, aliongezwa mwalimu mmoja wa darasa la kwanza kwa mkataba, aliyeajiriwa na kamati ya shule. Mambo mawili yalionekana. Kwanza, kulipunguza darasa peke yake hakukuleta mabadiliko makubwa. Lakini watoto waliofundishwa na mwalimu wa mkataba, aliyejua kwamba kamati yaweza kukataa kumwajiri tena, walijifunza zaidi, ijapokuwa mshahara wake ulikuwa mdogo sana kuliko wa mwalimu wa serikali. Pili, mahali ambapo watoto waligawanywa kwa kadiri ya maarifa yao, wote walifaidika, wazito na wepesi pia, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha jambo linalowafaa walio mbele yake.

Baadaye mpango wa waalimu wa mkataba ulijaribiwa katika nchi nzima. Mahali uliposimamiwa na chama kisicho cha serikali, watoto walijifunza zaidi. Mahali uliposimamiwa na wizara, hawakuzidi. Mkataba ulikuwa ule ule, bali usimamizi ulikuwa mbalimbali. Fundisho lake si kwamba serikali haiwezi, ila kwamba fedha za usimamizi si fedha za kupoteza.

Ushahidi wake ulionekana kuanzia mwaka 2015, katika mpango wa Tusome, uliofanywa na serikali kwa msaada wa Marekani. Kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipewa kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza kinachopatana na kadiri yake; mwalimu alipewa kiongozi cha kufundishia; na maofisa wa elimu walipelekwa madarasani kumtazama akifundisha na kumshauri. Idadi ya watoto wenye kusoma kwa ufasaha iliongezeka. Kitabu kilichoshindwa Busia kilifaulu hapa, kwa sababu hakikutumwa peke yake. Kilikwenda na mwalimu aliyeandaliwa, naye mwalimu alikuwa na mtu wa kumtembelea.

Mali bila daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 2009 ilijulikana kwamba fedha nyingi za elimu zilikuwa zimepotea, na Uingereza ikasimamisha msaada wake. Fedha hizo ndizo zingalinunua madaftari na kalamu.

Basi kutokana na mambo haya, utaratibu wa kutumia fedha waweza kupangwa hivi. Kwanza, ondoa kinachomzuia mtoto kufika shuleni, iwe karo au ugonjwa, lakini andaa waalimu na vyumba kabla hajafika. Pili, tanguliza madarasa ya mwanzo, kwa maana asiyejua kusoma katika darasa la tatu hawezi kusaidiwa na kitabu cha darasa la sita. Tatu, usinunue kitu bila kumwandaa atakayekitumia. Nne, tenga fedha za kukagua, na matokeo ya ukaguzi yatangazwe.

Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto wa Kenya haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Lakini haki hiyo yahitaji walinzi. Mzazi asiyejua kusoma aweza kuuliza katika mkutano wa shule ni shilingi ngapi zilizopokewa na zilinunua nini. Jioni aweza kumpa mtoto wake kitabu na kumwambia asome kwa sauti. Akimwona anakwama kila neno, ana neno la kumwambia mwalimu kesho yake asubuhi.

Maswali ya kuzungumzia barazani

1. Kwa nini watoto wengi waliacha shule baada ya mwaka 1974, ingawa karo ilikuwa imeondolewa?

2. Vitabu havikuwafaidi watoto wengi wa Busia, bali vile vya Tusome viliwafaidi. Tofauti ilikuwa nini?

3. Kama shule yenu ingepewa shilingi 100,000 leo, kamati ingenunua nini kwanza, na baada ya mwaka mmoja mngejuaje kwamba watoto wamefaidika?