Sumaku ya Kuwasha na Kuzima

Wanafunzi, leo tutengeneze sumaku. Chukua msumari wa inchi 4, waya mwembamba wa shaba wenye plastiki, na jiwe moja la tochi (volti 1.5). Zungusha waya kwenye msumari mara 50 hivi, kuelekea upande mmoja tu. Menya plastiki kwenye ncha zote mbili, kisha gusisha moja juu ya jiwe na nyingine chini. Msumari utaokota pini! Achilia waya, na pini karibu zote zitaanguka. Usishikilie kwa muda mrefu, maana waya hupata moto na jiwe huisha upesi. Na tafadhali, usijaribu kamwe na stima ya nyumba. Hiyo ni volti 240, nayo huua.

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona waya wenye umeme ukisogeza sindano ya dira. Basi, kama umeme huleta sumaku, je, sumaku nayo yaweza kuleta umeme? Michael Faraday wa Uingereza alipata jibu mwaka 1831: ndiyo, lakini lazima kitu kisogee. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Sumaku ikitulia tu kando ya waya, hupati kitu. Tazama dinamo ya baiskeli: gurudumu linazungusha sumaku karibu na waya uliosokotwa, na taa inawaka. Ukisimama, giza. Kule bwawa la Masinga, maji ya mto Tana ndiyo yanayokanyaga pedali.